Fundi aliyebandua kanisa ukutani

Kwetu Tanga nilikuwa fundi lipu, na hapa Warsaw kazi ni ileile, ila badala ya saruji na mchanga napiga jasi. Ndiyo maana Jumapili moja ya mvua, nilipoingia Makumbusho ya Taifa kukwepa baridi, macho yalikwenda kwenye lipu kwanza, picha baadaye.

Ukumbi mzima ni picha za kanisa la Faras, kaskazini mwa Sudan, za kuanzia karne ya 8. Mtakatifu Anna ameweka kidole mdomoni kama bibi anayekwambia mtoto kalala. Kuna Askofu Petros, mweusi kama mimi, na nyuma yake Mtume Petro, mweupe, kamshika mabega. Nilisimama hapo mpaka mama mlinzi akaanza kunizungukazunguka.

Kanisa lenyewe sasa limemezwa na maji ya bwawa la Aswan. Timu ya Profesa Kazimierz Michałowski, mwanaakiolojia wa hapa Poland, ilianza kulifukua 1961, limejaa mchanga, na mchanga huohuo ndio uliozitunza picha. Kazi ya kuzitoa akapewa Józef Gazy, mchonga sanamu. Mafundi wenzangu mtanielewa: lipu ya udongo, rangi imepakwa juu yake ikiwa imeshakauka. Kubomoa lipu hata kibarua wa siku ya kwanza anaweza. Kuitoa nzima, mimi na miaka yangu yote sijawahi kutoa hata kipande cha ukubwa wa sahani! Gazy alibandika karatasi laini ya Kijapani usoni mwa picha kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na utomvu mkavu wa msonobari, kisha akaikata lipu kwa msumeno, taratibu, hadi ikaachia ukuta. Pengine chini ya picha aliyobandua alikuta nyingine ya zamani zaidi, akaanza upya. Walimaliza 1964, maji yanakuja.

Picha zaidi ya 60 zililetwa huku, nyingine zikabaki Khartoum. Hapa Warsaw ikabidi ile nta yote itolewe na kila picha ipewe mgongo mpya. Ukumbi ulifunguliwa 1972.

Jumatatu nilirudi saiti, nikakabidhiwa nyundo nibomoe lipu ya zamani kwenye ngazi. Nikaigonga kwanza kwa kidole, sikio ukutani. Bosi akauliza nimepoteza nini.