Kilwa Kisiwani na ubishi wa senti zilizookotwa Australia

Ukisimama gatini Kilwa Masoko, kisiwa unakiona hapo ng'ambo. Tulishachukua kibali asubuhi, basi tukapanda mashua ya tanga, na upepo wa kusi ukatuvusha bila taabu.

Mzee aliyetuongoza alianza na hadithi ya mwanzo wa mji. "Mwanangu, kisiwa hiki kilinunuliwa kwa nguo." Ali bin al-Hasan, anayesemwa alitoka Shirazi, alimlipa mwenyeji vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa chote. Ndivyo ilivyoandikwa hata kwenye tarehe ya kale ya Kilwa, yaani kitabu cha historia yake. Mimi bei ile naitilia shaka, ila sikumkatiza.

Msikiti Mkuu umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukisogea karibu na ukuta unayaona matundu madogo ya tumbawe lenyewe. Husuni Kubwa, jumba la sultani, iko mbali kidogo, juu ya genge la bahari, na ina birika la pembe nane. Sultani aliyeijenga, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Msafiri huyo anasimulia kwamba fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwana wa sultani akazikomboa kwa watumwa kumi. Watu waliotolewa kulipia joho! Ukarimu wa wafalme una upande wake mchungu.

Lakini kilichonikaa kichwani ni senti za shaba. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zinafungana kwa vina, kama beti la shairi. Sarafu ya al-Hasan iliokotwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe huko bara, na hiyo inaeleweka: dhahabu ya bara ilipitia bandari ya Sofala, nayo Sofala ilikuwa mkononi mwa Kilwa. Ajabu ni Australia. Mwaka 1944 askari wa rada, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Akazitia koponi, zikakaa humo hadi 1979 alipozipeleka zichunguzwe. Tano zilikuwa za Kilwa.

Mzee wetu hana shaka: mabaharia wa Kilwa walifika. Nikamwambia zile nne zilizobaki ni za Waholanzi, za karne nyingi baadaye, kwa hiyo huenda zote zilidondoshwa na mtu mmoja aliyezikusanya njiani. Akacheka. "Na huyo Mholanzi alizipata wapi, kama si kwetu?"

Maji yalikuwa yametoka, ikabidi tuikanyage tope hadi ilipo mashua, tukibishana.