Siku moja maishani mwangu: kutoka manyoya ya kondoo hadi safu ya kwanza

Saa 12 asubuhi

Nafundisha kusokota uzi na kufuma kwa mkono, na siku yangu ya kazi huanzia kwenye beseni. Leo nina manyoya ya kondoo ambayo bado yana jasho, vumbi na yale mafuta ya asili yaitwayo lanolini. Mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 40 hivi, kwa hiyo maji ya uvuguvugu hayafui dafu. Napasha maji hadi nyuzijoto 60, natia sabuni ya maji, kisha nazamisha manyoya kwa kuyakandamiza polepole na mwiko. Basi. Nayaacha.

Kuyaacha ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu mkono unawasha kusugua. Kila unywele wa sufu umevikwa magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Joto, unyevu na msuguano vikikutana, magamba hayo hushikana na manyoya yanakuwa bonge zito lisilofumuka tena. Felti, kile kitambaa kizito cha sufu iliyoshikana bila kufumwa, hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo, kwa makusudi. Mimi nataka uzi, kwa hiyo sisugui, sikamui kwa kunyonga, na maji ya kusuuzia yanakuwa na joto lile lile la maji ya kuoshea. Nayatoa kabla hayajapoa, maana maji yakipoa mafuta hurudi kuganda juu ya sufu.

Manyoya ya kondoo wa aina ya merino yanaweza kupoteza karibu nusu ya uzito wake katika kuoshwa. Ndiyo maana siku zote nasema: pima baada ya kuosha na kukausha, ndipo uanze kuhesabu sweta.

Saa 2

Wanafunzi wanaingia. Wapya wawili wamekuja na sindano mpya za kufumia, wanataka kuanza leo leo. Nawaomba waziweke mkobani hadi mchana. Najua sehemu nyingi huanza na sindano na donge la uzi wa dukani, na wapo waliojifunza vizuri kwa njia hiyo. Mimi siifuati. Anayefuma bila kujua uzi wake umetoka wapi hufuata maelekezo tu, na siku kitambaa kinapokataa hajui amuulize nani.

Kwa hiyo kwanza tunashika. Sufu, pamba, kitani, hariri, kila kitu kwenye kiganja. Sufu ukiivuta na kuiachia inarudi, kwa sababu nywele zake zina mawimbi ya asili. Kitani hakirudi, kimenyooka, kigumu kidogo, baridi mkononi. Nyuzinyuzi za pamba ni fupi, nyingi ni sentimita 2 hadi 3 tu. Hariri ni kinyume chake kabisa: kifukofuko kimoja cha kiwavi hutoa uzi mmoja mwembamba wa mamia ya mita bila kukatika.

Kisha kuna vitambaa visivyojulikana, na hapo tunatumia moto. Kipande kidogo, koleo, bakuli la maji karibu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, moto huzima wenyewe, na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba huwaka haraka kama karatasi. Kitambaa cha plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mtu akishaona hayo mara moja, hadanganywi tena na lebo.

Saa 3 na nusu

Kuchana. Brashi mbili zenye meno ya waya, sufu kidogo juu ya moja, nyingine inapita juu yake bila kukwaruza. Wengi hujaza brashi kupita kiasi. Sufu ikilala vizuri tunaiviringisha kuwa kimviringo chepesi chenye hewa ndani. Uzi wake utakuwa na joto na wepesi. Tukitaka uzi laini unaong'aa tunachana kwa chanuo refu, nywele zote zikilala upande mmoja, ila hiyo ni ya siku nyingine.

Saa 4

Sasa pia, kile kijiti chenye gurudumu dogo kinachozunguka na kusokota uzi. Watu wamesokota kwa pia maelfu ya miaka kabla ya gurudumu la kusokotea kuwapo. Tanga za meli na mavazi ya wafalme vyote vilipitia kwenye kijiti namna hii, na sijawahi kuona kifaa rahisi kinachofanya kazi kubwa kiasi hicho.

Anayeanza hasokoti na kuvuta kwa pamoja. Anazungusha pia kuelekea kulia, anaibana katikati ya magoti isirudi nyuma, ndipo anavuta sufu polepole, na msokoto unapanda wenyewe. Dakika chache tu, mwanafunzi mmoja ananiita.

"Mwalimu, haivutiki. Imegoma."

Namtazama mikono. Vidole vya mkono wa juu na vya mkono wa chini vimekaribiana mno.

"Sogeza mkono wa juu. Bado. Sogeza tena."

Anasogeza, na sufu inateleza kama vile haijawahi kukataa. Kisa ni urefu wa unywele. Kama nywele zina sentimita 8 na mikono yako iko umbali wa sentimita 4, unashika unywele ule ule kwa ncha zote mbili, na hakuna nguvu itakayouvuta. Mikono iachane kwa umbali unaozidi kidogo urefu wa unywele. Kila ninapopata manyoya mapya navuta unywele mmoja, naulaza juu ya rula, ndipo najua mikono yangu itakaa wapi.

Jambo la pili ni kwamba msokoto hupenda palipo pembamba. Uzi ukiwa na uvimbe, pale kwenye uvimbe msokoto ni mchache, na pale pembamba umejaa hadi unakakamaa. Uvimbe hauondoki kwa kuongeza msokoto. Unaufumua kidogo kwa vidole, unavuta pande zote mbili hadi ulingane, halafu unaendelea. Nakaa na kila mmoja hadi alifanye hilo bila kuniangalia.

Saa 7 mchana

Baada ya mapumziko, kuunganisha. Uzi mmoja mbichi una haraka ndani yake. Ukifuma nao hivyo hivyo, kitambaa huenda upande. Tunachukua nyuzi mbili zilizosokotwa kulia na kuzisokota pamoja kwenda kushoto. Msokoto mmoja unatuliza mwingine, na uzi unakuwa mnene, mviringo na imara. Tunauzungusha kuwa kitita, tunauloweka kwenye maji ya uvuguvugu, tunauning'iniza bila kuufungia mzigo mzito. Uzito ukizidi, sufu inanyooshwa ikiwa imelowa, kisha ikilowa tena inarudi na sweta linasinyaa.

Saa 9

Sindano zinatoka mkobani, tukitumia uzi uliosokotwa na kukauka wiki iliyopita. Tunaanzisha vitanzi, tunafuma safu ya kawaida, tunarudi kwa safu ya kinyume. Mikono inakaza, hiyo itapita yenyewe.

Nisichokubali kupita ni kipande cha majaribio. Kila mmoja anafuma mraba unaozidi sentimita 10 kila upande, anauosha, anaukausha, ndipo anahesabu. Tuseme maelekezo ya sweta yanataka vitanzi 22 kwa sentimita 10, na kifua cha sweta ni sentimita 100, yaani vitanzi 220. Mkono wako ukitoa vitanzi 20 badala ya 22, vitanzi hivyo 220 vitakupa sentimita 110. Vitanzi viwili tu, na sweta limekuwa la mtu mwingine. Dawa ni sindano nyembamba zaidi, kisha kupima upya.

Na uzi ukiwa wa pamba, hesabu inabadilika tena. Pamba haina mnyumbuko wa sufu, kwa hiyo mikono ya sweta hurefuka kwa uzito wake na mapindo ya viganjani hulegea. Anayejua hilo anafuma mapindo kwa sindano ndogo zaidi tangu mwanzo.

Saa 11 jioni

Naweka vitita vya kesho kwenye maji ya shabu, ili rangi ya maganda ya vitunguu ishike. Nili, ile rangi ya buluu ya mmea, haihitaji shabu, ina utaratibu wake.

Saa 2 usiku

Wakati wangu mwenyewe. Nasokota pamba kwa pia ndogo inayozungukia ndani ya kibakuli, kwa sababu nyuzinyuzi fupi namna ile hazibebi uzito wa pia inayoning'inia hadi zipate msokoto mwingi. Kasi ni kubwa, uzi ni mwembamba kuliko wa kushonea, na nikimaliza nitauchemsha ili nta ya asili itoke na uzi uweze kunywa maji. Nataka uwe fulana ya mtoto. Mraba wa majaribio nimeshaufuma kwa sindano za milimita 2, na unakauka. Kesho nitauhesabu pamoja na wanafunzi, maana wawili wao wanasema pamba haifai kwa fulana, na hoja yao ya kurefuka ni ya kweli.