Karatasi ya zahanati ya Kuwait

Leo mdogo wangu amewasilisha madai yake VA, idara ya wanajeshi wastaafu hapa Marekani. Alitolewa kizazi mwaka jana.

Wengi hudhani fidia ni ya aliyepigwa risasi tu.
Hapana.
Ikithibitika ugonjwa umetokana na utumishi, kuondolewa kizazi hupewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 100 kwa miezi 3 ya kwanza, kisha 30. Ovari zote mbili zikiondoka pia, 50. Tena kuna malipo maalumu ya kila mwezi kwa kupoteza kiungo cha uzazi.

Kazi ni kuonyesha kwamba maradhi yalianzia jeshini.

Tukapekua faili lake la matibabu. Hii hapa: karatasi ya zahanati, Kuwait, mwandiko wa harakaharaka. Hedhi nzito, maumivu chini ya kitovu, apewe ibuprofen, arudi kazini.

Akaishika kwa mikono miwili.
“Kumbe niliwaambia.”
Miaka yote hiyo alijilaumu kwamba alinyamaza.

Nimelia, jamani.

Dada zangu mliovaa gwanda, nani amepitia hili? Barua ya daktari ya kuunganisha ugonjwa na utumishi mliipataje? Tuandikieni, hata faragha.