Dirisha linalonata

Leo nimemsaidia binamu yangu kuhamia nyumba Kondele, Kisumu. Mpangaji aliyetoka alikuwa mtu wa vepu, yaani sigara ya kielektroniki.

Nikapitisha kitambaa dirishani. Kikanata!
Utando wa mafuta, unanukia peremende ya embe. Maji matupu hayakuutoa, mpaka sabuni.

Wavutaji wa vepu husema eti "ni mvuke tu". Mvuke gani huu? Ni vitone vya gliserini, propilini glikoli, vionjo na nikotini. Mapafuni huwasha njia za hewa, na huko kitambaa hakifiki.

Marekani, kufikia Februari 2020, zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa au kufa kwa ugonjwa wa mapafu wa vepu, wengi wakiwa wamevuta mafuta ya bangi; asetati ya vitamini E, kimiminika kizito kilichochanganywa humo, ilihusishwa sana na ugonjwa huo.

Binamu ana mtoto anayetambaa, kila kitu mdomoni. Jamani, kuta nazo mnazisafishaje?