Wiki yetu huku ushago

Tangu tustaafu watu hudhani tunakaa tu. Jumatatu mvua ya Kakamega ikaja saa tisa mchana kama kawaida yake, na mzee wangu alikuwa ameanika mahindi kwa uwanja halafu akalala fofofo, ikabidi nikimbie peke yangu na turubai huku kuku wakinifuata wakidhani ni saa ya kula. Hatukuongea mpaka chai ya usiku. Jumatano stima ilipotea, basi. Alhamisi nikapika mrenda na munyu kidogo, ugali wa wimbi, akalamba vidole akasema "mama, leo umeniweza," nikamsamehe mahindi. Jumamosi akapanda boda kwenda kununua dawa zake za presha, akarudi na jogoo. Dawa je? Alisahau.