Legacy GT ya 2007: ninunue au niachane nayo?

Tangu nianze kuizungumzia gari hii, mume wangu hana neno jingine ila Probox. Analitaja akinywa chai, analitaja akizima taa. Na haki yake. Mimi natengeneza keki za harusi hapa Mombasa, nazipeleka Diani, Kilifi, Malindi na mara mojamoja Voi, na kwa kazi hiyo Toyota Probox ndiyo jibu la mtu mwenye akili timamu. Inabeba, haili petroli, spea zake ziko kila duka, na siku ukiichoka hukosi mnunuzi. Ninayoitaka mimi ni Subaru Legacy GT, stesheni wagoni ya mwaka 2007, yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini), inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kifungua mimba wangu yuko sekondari na gari limemzidi umri.

Ugonjwa huu nimeurithi. Baba alikuwa na Peugeot 504 ya viti safu tatu, akipakia abiria wa Malindi, na ndani ya gari lile ndimo nilimojifunza kushika usukani. Wa rika langu mnazikumbuka zile Peugeot. Kwangu mimi gari ni refu kwenda nyuma, si refu kwenda juu. Hata kikazi nina hoja: gari la kimo huyumba kwenye kona, na keki ya ngazi nne haisamehe kuyumba. Legacy iko chini, ukilaza viti vya nyuma unapata sakafu ndefu iliyo sawa, na kipoza hewa chake kikiwa kizima siagi haiyeyuki kabla ya bibi harusi kufika ukumbini. Hoja hizo ni za kweli. Lakini nisiwadanganye, keki haihitaji nguvu za farasi 260.

Ndiyo, 260, kutoka kwa injini ya lita mbili. Ya gia za mkono ina 280, ila mimi naitaka ya gia za kujiendea. Kizazi hiki kilitoka 2003 kikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani msimu huo wa 2003-2004, na mwaka 2006 kikafanyiwa marekebisho, kikaongezewa kile kitufe cha kuzungusha karibu na gia kinachokuchagulia kama leo unaenda taratibu au unaenda haraka. Nguvu hugawanywa asilimia 45 mbele na 55 nyuma, ndiyo maana gari linaingia kona kama limesukumwa kwa kiuno. Na sisi Wakenya kwa Subaru tunajuana. Mtu aliyemwona Patrick Njiru akimaliza wa nne kwenye Safari Rally ya 1994 na Subaru Impreza hawezi kuitazama nembo ile ya nyota kwa jicho kavu.

Sasa tatizo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Legacy hizi hazishuki tena bandarini. Zilizopo ndizo zilizopo, na kila moja imekaa hapa kwa miaka mingi mikononi mwa wenye tabia mbalimbali. Mmoja alibadilisha oili kwa wakati, mwingine alingoja taa iwake. Mmoja aliliacha gari lipoe, mwingine alikuwa akishindana na matatu za Bamburi saa nane za usiku. Ukinunua turbo kuukuu unanunua hizo tabia zote, na hazikuandikwa kwenye tangazo.

Gari la kwanza nilikwenda kuliona Nyali. Jeusi, rimu zinameta, na kabla sijafika getini nilishalisikia: dugu-dugu-dugu, ule mngurumo wa Subaru unaowageuza shingo vijana wote wa mtaa. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, alimwamkia mume wangu, akamfungulia mume wangu boneti, akamweleza mume wangu habari za turbo. Mume wangu, asiyejua hata maji ya waipa yanatiwa wapi, akawa anaitikia kwa heshima zote. Mimi nikainama kutazama ekzosi.

Mngurumo ule wengi wanaupenda bila kujua unatoka wapi. Hautoki kwa injini ya boksa peke yake, yaani ile ambayo silinda zake zimelala ubavuni, kulia na kushoto. Unatoka kwa mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu: moshi wa upande mmoja unafika mapema, wa upande wa pili unachelewa, mapigo yanapishana vibaya na masikio yanapata dugu-dugu. Kwenye Legacy GT ya Japani ya kizazi hiki Subaru waliweka mabomba yaliyolingana urefu, pamoja na turbo yenye njia mbili za kupokelea moshi, ili mapigo yaingie kwa zamu bila kuzuiana. Turbo inaamka mapema zaidi, na gari linakuwa na sauti ya kawaida tu, karibu ya kiofisi. Kwa hiyo Legacy GT ya Japani inayonguruma, kama si bomba lililotoboka, ni Legacy GT iliyokwisha kufunguliwa. Kuna mtu ametoa mabomba, na aghalabu turbo pia, akapachika vya gari jingine.

Huenda alifanya kazi safi. Huenda kompyuta ya injini ilipangwa upya na mtu anayejua hewa kiasi gani inataka petroli kiasi gani. Isipopangwa, petroli ikapungua huku turbo inasukuma, joto linapanda na pistoni hupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi. Nilipomuuliza kijana nani aliipanga, alimwambia mume wangu kwamba yeye aliinunua hivyohivyo. Tukaaga.

La pili lilikuwa Mtwapa, kwa mzee mmoja aliyestaafu uhasibu. Rangi ya fedha, paa limebabuka kwa jua, na juu ya tairi la nyuma la kushoto kutu imeanza kula, kama ilivyo kwa kila chuma kinacholala karibu na bahari. Nilikuwa nimemwomba kwa simu asiliwashe kabla sijafika, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Akaliwasha mbele yangu likiwa baridi. Kimya. Mlio mwembamba, sawasawa, hakuna kugongagonga. Mzee akanitazama kwa haya, akasema: "Mwanangu, hili halina ule mlio. Vijana wanakuja, wanasikiliza, wanaenda zao. Ukitaka, kuna fundi Kisauni anaweza kukuwekea."

Nilijikaza nisicheke. Kumbe kilichomkosesha wateja ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Akaleta faili. Mhasibu ni mhasibu. Risiti za oili zimepangwa kwa tarehe, kila kilomita 5,000 au pungufu. Saa ya gari inasoma 148,000, na risiti zinapanda nayo bila kuruka. Kilichokosekana ni risiti ya mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni ziende kwa zamu. Ratiba ya Subaru inasema ubadilishwe kwenye 100,000, na mzee akaapa kwamba ulibadilishwa. Namwamini mzee, lakini mkanda simwamini. Ukikatika kwenye injini hii valvu zinakutana na pistoni, na hapo huna injini tena. Bila risiti, nahesabu haujabadilishwa.

Nikarudi na fundi, mzee wa Tudor aliyekuwa akiishika Peugeot ya baba. Alikuja na kipimo chake cha kompresheni, cha kupima kila silinda inabana hewa kiasi gani, akaanza kunung'unika mapema, kwa sababu plagi za boksa zimelala ubavuni, zimebanana na bodi, na mkono wa mtu mzima haupiti vizuri. Kazi ile ilikula asubuhi nzima. Akanifafanulia kwamba hatazami namba kubwa, anatazama namba zinazofanana. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake ndiyo yenye siri. Zote nne zikakaa karibu karibu. Akatazama tangi la maji ya rejeta injini ikiwa moto: hakuna mapovu, maana yake moshi wa injini hauvuji kuingia kwenye maji. Akanionyesha boliti ya bomba la oili linalokwenda kwenye turbo, ndani yake mna kichujio kidogo sana ambacho mafundi wengi hukisahau. Kikiziba, turbo inakosa oili na kufa mapema.

Kisha tukalizungusha uwanjani, usukani umekunjwa mpaka mwisho, mbele na nyuma, kusikiliza kama gia boksi inashikashika. Haikushika. Ila fundi alipiga magoti kwenye matairi akaguna. Ya mbele mapya, ya nyuma yamelika. Kwa Probox hilo si neno. Kwa gari linalovuta kote kote, tairi lililolika ni dogo kidogo, linazunguka mara nyingi zaidi, na kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma kinafanya kazi muda wote kusawazisha tofauti hata ukienda njia iliyonyooka. Matairi manne kwa pamoja, 215/45 ya inchi 17, au usinunue gari.

Nikakaa na kalamu. Mzee alitaka Sh 780,000. Petroli: injini ilitengenezwa kwa ile ya premium ya Japani, oktani karibu 100, na yetu ya kawaida iko chini, kwa hiyo nitatia ile ya bei ya juu au nitaendesha kwa adabu. Bima: kampuni niliyoiuliza ilikataa bima kubwa kwa sababu ya umri wa gari, kwa hiyo likigongwa au kuibwa hasara ni yangu. Foleni ya feri ya Likoni adhuhuri: kile kinachopoza hewa inayosukumwa na turbo kimekaa juu ya injini, gari likisimama kinajaa joto, na ukiondoka nguvu zinakuwa zimelala.

Na hizo tairi nne zinazovuta, zina faida gani kwangu? Kwa matope ya Shimba Hills, hakuna. Tumbo la gari liko kama sentimita 15 kutoka chini. Litakaa juu ya tope matairi yote manne yakizunguka bure. Anayetaka kwenda shambani atafute Subaru Forester, iliyoinuka zaidi. Faida yake naiona kwenye lami iliyolowa, masika, njia ya Kilifi, nyuma kuna keki. Nguvu nazo zina mahali pamoja tu pa halali, kwa kuwa kikomo cha juu kabisa nchini ni kilomita 110 kwa saa: kati ya Mariakani na Voi, nyuma ya lori lililojaa makontena, pale unapotaka kukaa upande wa wenzako kwa muda mfupi iwezekanavyo. Hili nilimweleza mume wangu. Alinyamaza, na yeye kunyamaza ni nusu ya kukubali.

Nusu nyingine ilikuja na sharti. Pembeni mwa bei ya gari nitenge Sh 250,000 za matengenezo, zisizogusa karo wala unga na sukari za kazi. Zikiisha kabla ya mwaka, gari linauzwa na Probox inakuja, bila mjadala. Nimekubali, tena kwa maandishi.

Nilimpigia mzee nikamsomea hesabu: mkanda, matairi, kutu. Mhasibu hakubishana na hesabu. Tumekubaliana 690,000. Jina kwenye logibuku nimelihakiki kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni lake, na hakuna benki inayolidai gari. Jumatatu tunahamisha umiliki, Jumanne linaenda Tudor kwa mkanda, pampu ya maji, oili na kile kichujio kidogo. Fundi amesema siku nne, nami namjua, ni wiki. Keki ya Jumamosi ya Kilifi itapanda teksi.