Siku Moja Mbele ya Bamba la Shaba

Mwezi wa Julai, Lubumbashi huamka na baridi ambayo wageni wengi hawaitarajii. Saa 12 asubuhi nilikuwa nimekwisha kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, nyumbani kwetu Katuba, nikachemsha chai, nikawaachia watoto mikate, kisha nikajifunga kitenge cha pili juu ya sweta na kuanza safari ya miguu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na katika likizo kuu hii nimepokelewa kuwa mwanafunzi katika karakana ya shaba huko Kamalondo. Siku ninayoisimulia ilikuwa siku yangu ya 13.

Kabla ya shaba nilijifunza malakiti. Likizo iliyopita nilikaa na mafundi wanaochonga shanga kutokana na jiwe hilo la kijani, ambalo husuguliwa likiwa limeloweshwa maji kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu. Nililipenda sana, hasa namna mistari yake, ya kijani iliyokolea na ya kijani iliyofifia, inavyojitokeza polepole chini ya kitambaa chenye maji. Hata hivyo nilipasua shanga nyingi kwa kutaka kuzitoboa upesi, na haraka hiyo niliitambua, kwa maana ndiyo niliyokuwa nayo darasani mtoto anapochelewa kutoa jibu. Ndiyo sababu nilirudi tena kwenye kazi ya mikono mwaka huu.

Saa 1 na nusu nilifika. Tulifagia, tukajaza pipa la maji, tukapanga nyundo na patasi butu juu ya meza. Fundi mkuu, ambaye sote tunamwita Papa, hamruhusu mtu kushika nyundo kabla ya kulisogeza bamba lake mlangoni na kulitazama katika mwanga wa pembeni. Siku za kwanza sikuelewa nilichopaswa kuona. Sasa naona: mwanga ukija kwa ubavu, kila bonde na kila kilima kilichoachwa na nyundo jana huwa na kivuli chake, na mkono unajua mahali pa kwenda kabla haujaanza kazi.

Saa 2 nilianza kugonga. Bamba langu lina urefu wa sentimita 30 na upana wa 20, nalo ni jembamba kiasi cha kukunjika kwa vidole. Nimechora juu yake samaki mmoja. Bamba hulazwa kifudifudi juu ya karai lililojaa lami iliyochanganywa na unga wa matofali, ili lipate kitu kinachokubali kubonyea bila kuliachia lizame, kisha umbo husukumwa kutoka nyuma, pigo kwa pigo, mpaka tumbo la samaki livimbe upande wa mbele. Magamba, jicho na mistari ya mkia huja baadaye, bamba likisha kugeuzwa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia kabla sijafika katika karakana hii. Shaba huwa ngumu kwa kadiri unavyoigonga. Mapigo ya kwanza huingia kama kidole katika udongo mbichi, na sauti yake ni nzito na fupi. Baada ya muda bamba huanza kukataa: nyundo inaruka kidogo, na sauti inapanda, inakuwa nyembamba, inalia kama sufuria tupu. Mtu mwenye haraka husikia ukaidi, akaongeza nguvu. Papa alinisimamia siku ya pili akaniambia, "Mama mwalimu, usisikilize mkono wako. Sikiliza nyundo." Sauti ikipanda, kazi husimama, bamba likaenda motoni.

Saa 4 sauti ilipanda. Nilitoa bamba katika lami, nikalisafisha, nikalipeleka kwenye pembe yenye giza nyuma ya karakana, palipo na moto wa makala, yaani makaa ya miti. Giza hilo ni la lazima, kwa kuwa katika jua huwezi kuona shaba inapoanza kuwa nyekundu iliyofifia, na ukingoja mpaka uuone wekundu huo mlangoni penye mwanga, umekwisha kuichoma kupita kiasi. Nilisimama hapo bila kufanya lolote ila kutazama. Rangi ilipita kwanza katika zambarau na buluu, ikafuata weusi, halafu wekundu ule ukatambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Nikalishika kwa koleo na kulizamisha majini. Chuma cha kutengenezea visu kikizamishwa hivyo huwa kigumu, lakini shaba hubaki laini. Maganda meusi yalibanduka pipani. Yaliyosalia niliyasugua kwa limau na chumvi, na samaki akarudi na wekundu wake, tayari kugongwa upya.

Sijui niseme nini juu ya dakika zile za motoni isipokuwa kwamba ndizo ninazozingoja kutwa nzima. Hakuna kingine kinachoingia akilini.

Saa 6 mchana tulikula bukari, yaani ugali, na mboga za lengalenga, tukanywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Wazee walizungumza, kama kawaida yao, juu ya walaji wa shaba, wale mafundi wa kale wa Katanga waliongoja kiangazi na mwisho wa mavuno ndipo wajenge tanuri za udongo wa vichuguu na kuyeyusha malakiti kwa makala. Shaba yao ilimiminwa kuwa misalaba iliyotumika kama fedha, na mfano wa misalaba hiyo uliwekwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo, mwaka 1960 hadi 1963. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba shaba ya hapa ilianza na kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi hapa mjini mwaka 1911, kwa sababu bomba lake la moshi ndilo tunaloliona kila siku. Nasikitika kwamba darasani bado tunawaacha watoto waamini hivyo.

Saa 8 nilirudi kwa samaki, na saa 9 nilimpasua.

Nilikuwa kwenye mgongo wake. Sauti ilikuwa imekwisha kupanda na niliisikia waziwazi, lakini pezi lilibaki dogo tu, na nilitaka kulimaliza kabla ya kwenda nyumbani ili kesho nianze upande wa mbele. Nikagonga mapigo matano au sita. Pezi lilifunguka kwa mlio mkavu, na ufa wenye urefu wa ukucha ukaonekana, kingo zake zikiwa kali na zenye kung'aa.

Nilimpelekea Papa. Hakunikaripia wala hakunifariji. Alipitisha kidole gumba juu ya mgongo wa samaki, akauliza, "Ulisikia ukiwa wapi?" Nikamwonyesha mahali, nafasi ya vidole vitatu kabla ya pezi. Akachukua bamba jipya, akalilaza mbele yangu na kunipa kalamu ya kuchorea. Mpaka saa 11 nilikuwa nimechora samaki wa pili, na mahali pale pa vidole vitatu nikatia alama ndogo ya msalaba.

Niliomba ruhusa ya kumchukua samaki aliyepasuka. Usiku, baada ya chakula, binti yangu mkubwa aliupapasa ufa kwa uangalifu na kuniuliza kama shaba ilikuwa mbovu. Nilimpa mpini wa kijiko nikamwambia agonge kwanza mkiani, ambako sikupagusa tangu bamba litoke motoni, halafu agonge mgongoni. Aligonga, akainamisha sikio, akarudia mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na mimi nikangoja.

"Huku kunalia, mama," akasema, kidole chake kikiwa mgongoni. "Kule mkiani kumenyamaza."